Kikohozi Konani

Baba mkwe wangu alikuwa akikohoa kila alipofika kwenye kona ya migomba. Hakuwa mgonjwa. Alikohoa ili nimsikie na niwahi kujificha.

Katika nyumba niliyoolewa, mke wa kijana hamwangalii baba wa mume wake. Hatamki jina lake, hakai kwenye kigoda chake, na wakikutana njiani yeye ndiye anayeingia majanini mpaka mwenzake apite. Siku hizi wengi wameacha, hasa wanaoishi Kyela mjini, lakini huku Katumba Songwe ziko nyumba ambazo hazijaacha, na yetu ni mojawapo. Nikisikia kile kikohozi, kifupi, mara mbili, kama mtu anayegonga mlango wa jirani, nilikuwa naacha kila kitu, navuta kitenge kichwani na kwenda nyuma ya jiko. Nilimjua kwa viatu vyake. Nilimjua kwa mlio wa pikipiki yake. Uso wake sikuwahi kuuona. Mimi ni mtu wa haya tangu utoto, kwa hiyo sikuona ni mzigo. Nilishukuru kwamba yuko mtu mmoja duniani ambaye nimeruhusiwa kabisa kutomwangalia.

Siku nilipoletwa, mama mkwe wangu, Veronika, alinikalisha jikoni akaniambia, "Usidhani ni chuki, mwanangu. Ni heshima. Uso wake utauona mara moja tu, siku ya kumuaga, akiwa kwenye jeneza. Siku hiyo utamwangalia, utalitaja jina lake, basi. Mtakuwa mmemalizana."

"Na nikimwona kabla?"

Alitazama tumbo langu, ambalo wakati huo lilikuwa halijabeba kitu.

"Usimwone," alisema.

Ile siku ya kumuaga haikufika. Mwaka juzi, wakati wa mvua, mkwe alikwenda kuvuka mto Songwe kwa mtumbwi ili akamwone dada yake upande wa Malawi. Pikipiki aliiacha ukingoni. Mto ulikuwa umejaa, na mtumbwi ulipinduka katikati. Wenzake walipatikana, wengine wazima, wengine wamekufa. Yeye hakupatikana. Walimtafuta mpaka kule mto unapoingia ziwani, na wavuvi waliombwa waangalie nyavu zao vizuri. Mwishowe wazee wa ukoo wakakata mgomba, wakauvika koti lake, wakauzika. Jeneza lilipigwa misumari tangu mwanzo, maana mgomba hauna uso wa kuagwa. Nililia pamoja na wengine, kichwa nimefunika kama nilivyozoea. Katika msiba ule hakuna aliyekumbuka kwamba mimi sijamaliza.

Baada ya hapo mimba yangu ya kwanza ikatoka. Kisha ya pili. Wanawake kisimani walianza kunyamaza nikifika. Baadaye nikasikia wanachosema: Tumpale alimchungulia mkwe wake. Sikuchungulia. Lakini utamthibitishiaje mtu kwamba hukuona kitu?

Sasa nilikuwa na mimba ya tatu, na hii ilikuwa imevuka mahali ambapo zile mbili ziliishia. Mtoto alikuwa anacheza. Kila asubuhi, kabla sijafungua macho, nilimsubiri apige teke, ndipo niamke. Muuguzi wa zahanati aliniambia nisijaribu kujifungulia nyumbani. Uchungu ukianza nipelekwe hospitali mjini haraka. Na mtoto alitarajiwa wakati wa mvua, wakati ambao magari hayafiki kwetu.

"Utakwenda na pikipiki ya baba," mume wangu Lameck alisema.

Pikipiki ilikuwa nyuma ya jiko, chini ya turubai lililochanika. Tangu ilipoletwa kutoka ukingoni hakuna aliyeigusa isipokuwa kuku. Lameck alileta fundi, wakafungua injini, wakabadilisha walivyobadilisha, na siku moja mchana ikawaka. Ule mlio ulipotoka nilijikuta nimeshafika upande wa pili wa jiko, kitenge kichwani, sijui nilikimbia saa ngapi. Lameck alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka.

Injini ilipona, lakini kwa nje ilikuwa inatia huruma. Ilikuwa pikipiki nyekundu. Jua na mvua ziliila ile rangi mpaka ikawa kama ufizi wa mzee, na ukiipitishia kidole inaacha unga mweupe. Nikeli ilikuwa imeshika kutu. Vioo vya pembeni vyote viwili vilikuwa vimevunjika. Lameck alisema atanunua rangi ya kopo apulizie nyeusi juu yake. Mimi nikasema, polepole, kwamba rangi bado ipo, iko chini, imezibwa tu na ngozi iliyokufa. Hiyo kazi niliijua. Nilipoacha shule, kabla ya kuolewa, nilikuwa kwa dada Keziya, mtaa wa Mbugani, pale anapoosha na kung'arisha pikipiki za vijana.

"Lakini ni kitu chake," nikamwambia mama. "Naruhusiwa kukishika?"

Mama alifikiri. "Chuma si mtu," alisema. "Na mwenyewe hayupo."

Keziya alinitumia kopo la dawa ya kusugulia rangi, nta, na vipande vya msasa wa maji, ule laini kabisa. Nikaisogeza pikipiki uani, mahali tunapoanika kokoa, nikaiegemeza nikiwa nimeipa mgongo kona ya migomba.

Nilianza kwa kuosha. Kinyesi cha kuku, matope ya mtoni, viota vya nyigu kwenye madigadi. Jirani yetu Amon, ambaye ni dereva wa bodaboda, alipita akasimamisha.

"Shemeji, hicho ni chombo au banda la kuku?"

"Ni chombo," nilisema, nikiangalia ndoo.

"Umemuuliza jogoo kama amekubali kuhama?"

Nilicheka na kitenge mdomoni. Amon ni mtu wa maneno mengi, lakini hana ubaya.

Baada ya kuosha nikaloweka msasa, nikaanza kusugua madigadi ya nyuma. Msasa wa maji unataka mkono mwepesi. Ukibonyeza, unaila rangi yote unabaki na bati. Ile ngozi iliyokufa ilianza kutoka, na maji yakawa mekundu. Yalitiririka kwenye madigadi, yakanidondokea miguuni na kwenye upindo wa kitenge, yakafanya mfereji uani. Mama alikuwa anatoka jikoni na ungo. Aliona ule wekundu miguuni mwangu, ungo ukamwanguka.

"Gwe Tumpale! Umeanza lini?"

"Ni rangi, mama. Ni rangi ya pikipiki."

Alikuja akachovya kidole kwenye yale maji, akanusa, halafu akakaa palepale chini kwenye matope. Sote wawili tulikuwa tumeshayaona maji ya rangi ile mara mbili.

Kesho yake nikaanza tangi. Keziya alinifundisha kwamba tangi halisuguliwi lote kwa pamoja. Unajaribu kwanza sehemu ndogo, kama kiganja, uone rangi itakubali vipi. Nilichagua ubavu ulionielekea. Nikasugua kwa msasa, nikapangusa, nikaweka dawa kwenye kitambaa, nikazungusha, nikazungusha, mpaka kiganja kile kikafunguka kama dirisha dogo. Chini ilikuwa nyekundu ya kweli, ya kina, mpaka nikajiona pua.

Na nyuma ya pua yangu nikaona kofia.

Ilikuwa kofia ya pama, mbali, kule kwenye migomba. Chini yake palikuwa na mtu, mwembamba, aliyevutika kidogo kama unavyovutika kwenye kijiko. Amesimama anaangalia.

Sikugeuka. Mtu mwingine angegeuka, lakini mimi mtu mzima akinijia ghafla huwa nainamisha kichwa kwanza. Nikainamisha, nikamwamkia, "Ugonile, taata," maana ilikuwa bado asubuhi. Hakujibu. Nilipoinua kichwa dirisha langu dogo lilikuwa na migomba tu. Nikajiambia ni mzee wa vijiji vya jirani amekuja kuona pikipiki iliyokuwa imekufa. Wengi walikuwa wamekuja. Na sikuwa na sababu ya kudhani vingine, kwa kuwa hakukohoa.

Kadiri tangi lilivyofunguka ndivyo alivyokuja karibu. Wakati ubavu mzima ulipokuwa umeng'aa, alikuwa amesimama kwenye mikeka ya kokoa. Nilikuwa sijasikia hatua zake, lakini pembeni mama alikuwa anatwanga, nikadhani ni kwa sababu hiyo. Sasa nilimwona mashavu na masikio. Sikio la kulia lilikuwa limekatika kidogo juu, kama sikio la mbuzi lililotiwa alama. Macho yalikuwa ndani ya kivuli cha kofia.

Nataka kusema ukweli: nilimpenda yule mzee. Kuongea na mtu usoni kunanichosha, lakini kuongea na mtu aliye kwenye tangi la pikipiki ni rahisi. Nilimweleza ninachofanya. Nilimwambia hapa ndipo mwenyewe alipokuwa anabana magoti, angalia rangi ilivyolika pande zote mbili. Nilimwambia habari za mtoto, kwamba anapenda kucheza nikiinama. Hakujibu hata neno. Nikadhani labda hasikii Kiswahili vizuri, nikamwambia kwa Kinyakyusa. Midomo yake ilitikisika kidogo, kama ya mtu anayetafuna mahindi.

Siku iliyofuata alikuwa karibu zaidi, nikaona aibu kumwacha mtu mzima amesimama. Nyuma ya jiko kulikuwa na kigoda ambacho hakikaliwi na mtu. Nilikichukua huku nimeinama, nikakisukuma nyuma yangu bila kugeuka. "Kaa, taata," nikasema. Nikaendelea kusugua. Kwenye tangi nikamwona akishuka taratibu, akakaa. Sasa kichwa chake kilikuwa sawa na changu, bega lake kando ya langu katika ule wekundu, na nikahisi ubaridi mgongoni kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yenye unyevu.

"Shemeji, unaongea na nani?"

Ilikuwa sauti ya Amon, amezima pikipiki yake njiani.

"Na huyu mzee."

"Mzee gani?"

Hapo ndipo nilipogeuka. Kigoda kilikuwa kitupu.

"Ameondoka sasa hivi," nikasema. "Hamjapishana?"

"Mimi natoka hukohuko konani, sijapishana hata na mbwa." Alinitazama, halafu akacheka. "Mimba hizi! Dada yangu ya kwake ilimfanya aongee na mbuzi. Na mbuzi alikuwa anamjibu!"

Alipoondoka nikakiinua kigoda nikirudishe. Mbao zake zilikuwa zimelowa, na katikati palikuwa na maji yaliyosimama, yenye mchanga mweusi wa mtoni. Nilikiangalia kwa muda. Halafu nikakifuta kwa kitambaa changu cha kazi, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

Jioni hiyo jua lilikuwa bado halijazama, tulikuwa tunakula wali na usipa, dagaa wa ziwani, pale uani. Lameck aliisifu pikipiki. Ilikuwa imebaki sehemu ya juu ya tangi tu, ule uso unaomwelekea dereva. Hapo palikuwa bado pamefifia, pana unga.

"Hata yule mzee anayekuja kila siku ameipenda," nikasema.

"Mzee gani?"

"Simjui. Mwembamba. Ana kofia ya pama. Hasemi."

Mama aliacha kutafuna.

"Yukoje tena?" Lameck aliuliza.

"Sikio lake limekatika kidogo hapa juu."

Lameck aliweka tonge chini. Alikuwa amebadilika rangi. "Sikio lipi?"

"La kulia."

Akashusha pumzi kwa nguvu, akacheka, akajipangusa jasho. "Umenitisha wewe mwanamke! Baba alikuwa na sikio lililokatika, lakini la kushoto. Aling'atwa na punda wa mtu akiwa kijana. La kushoto kabisa. Huyo ni mtu mwingine."

Nami nikacheka, maana sikuwa nimejua kwamba mkwe alikuwa na sikio la namna hiyo. Nani angeniambia? Picha zake zilikaa chumbani kwa mama, na hata habari za uso wake hazikuzungumzwa mbele yangu.

Mama hakucheka. Alikuwa anaangalia pikipiki.

"Tumpale," alisema. "Huyo mzee ulimwona kwa macho yako, au ulimwona kwenye tangi?"

"Kwenye tangi, mama. Niliona haya kugeuka."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Simama mbele ya kioo, mwanangu," mama alisema taratibu, "ushike sikio lako la kushoto. Uone yule wa kwenye kioo ameshika lipi."

Hakuna aliyemaliza chakula. Kuku walikuja wakala usipa kwenye sahani ya Lameck naye hakuwafukuza. Mimi nilikuwa nahesabu niliyoyafanya: nilimwangalia. Nilimsalimia. Nilimsimulia habari za mtoto. Nilimkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe. Yote ambayo mwanamke wa nyumba ile anakatazwa, niliyafanya, na niliyafanya kwa adabu.

"Amekuja kufanya nini?" Lameck alimuuliza mama yake.

"Sijui. Pengine anataka kuagwa. Kila mtu alimuaga isipokuwa huyu." Alisita. "Au pengine amekuja kwa ajili ya mtoto, kama alivyokuja kwa wale wengine. Walioko majini wako peke yao, Lameck. Wanatafuta wenzao."

Niliweka mkono tumboni. Tangu nilipokaa kula mtoto alikuwa hajacheza.

Asubuhi nilisubiri teke. Nilisubiri mpaka jua likaingia mlangoni. Hakupiga. Nikalala upande wa kushoto, nikanywa maji ya baridi, nikainama kama ninasugua. Hakupiga. Nilitoka nje nikamkuta Lameck ana kopo la rangi nyeusi mkononi, analitikisa, ile gololi ya ndani inalia ka-ka-ka-ka.

"Naifunika," alisema. "Hatakuwa na mahali pa kuonekana."

"Usipulize."

"Tumpale, ingia ndani."

"Usipulize!"

Sijawahi kumpigia kelele mtu. Lameck aliacha kutikisa kopo. Hata mama alitoka jikoni.

"Mtoto hachezi," nikasema. "Ukimfunika, atabaki humo chini na nitampanda kwenda naye hospitali. Nimeshamwona nusu. Niacheni nimalizie."

"Na kama amekuja kuchukua?" Lameck aliuliza.

"Basi nataka nimwone anayechukua."

Walitazamana. Mama ndiye aliyemnyang'anya Lameck lile kopo. Akanisogelea, akanifunga kitenge vizuri, akaleta mdomo wake sikioni kwangu na kunikumbusha jina ambalo nilikuwa nimelisikia mara nyingi na kila mara nikajifanya sikusikia. Halafu akamshika mwanawe mkono, wakaingia jikoni, wakaacha mlango wazi.

Nilipiga magoti mbele ya pikipiki, nikaanza ile sehemu ya juu. Sikuharakisha. Ukiharakisha hapo unaacha mikwaruzo ambayo haitoki tena. Maji mekundu yalishuka pande zote mbili za tangi, nami sikuyaangalia. Nikapangusa. Nikaweka dawa, nikazungusha kitambaa kwa vidole viwili, miduara midogo, kisha mikubwa zaidi, mpaka ule unga ukaondoka na wekundu ukapanda juu. Uwanja ulikuwa kimya. Hata kuku walikuwa wamekwenda upande mwingine. Nilipofika kwenye nta, ubaridi ulikuwa tayari mgongoni.

Nikapangusa mara ya mwisho, nikatazama.

Alikuwa juu yangu, ameinama, kichwa chake karibu na changu kama mtu anayechungulia kisima. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye ukingo wa kofia yake. Niliyaona yakidondoka, na niliyasikia pia, tone kwa tone, kwenye kitenge changu begani. Kila kitu katika mwili wangu kilitaka kuinama. Nilishika magoti yangu kwa mikono miwili ili nisiiname.

Nikafungua mdomo.

"Sedekia," nikasema.

Yule mzee alipandisha mkono, mkono mweupe uliokunjamana kama wa mtu aliyefua kutwa, akavua kofia.

Alikuwa na macho ya Lameck. Hicho ndicho kilichonishangaza, kwamba miaka yote niliyakimbia macho ambayo nilikuwa nalala nayo. Alinitazama nami nikamtazama. Halafu akashusha macho kwenye tumbo langu, akayaacha hapo. Aliangalia muda mrefu. Sikujua kama anabariki au anachagua, na hakuna kitu usoni mwake kilichoniambia. Niliweka mikono yangu yote miwili juu ya mtoto.

"Ndaga, taata," nikamwambia. "Asante. Nimekuona. Tumemalizana. Huyu ni wa kwangu."

Matone yaliendelea, moja, jingine. Kisha akarudisha kofia kichwani. Akanyooka. Kwenye tangi nilimwona akigeuka na kuondoka, kwenye mikeka ya kokoa, kwenye nyasi, akipungua, mpaka akawa ile kofia tu kwenye migomba, na baadaye hata kofia haikuwepo.

Halafu, kule konani, mtu akakohoa. Kifupi, mara mbili.

Jikoni sufuria ilianguka. Lameck alitoka mbio mpaka katikati ya uwanja akasimama, mdomo wazi, anaangalia migomba. Mama alisimama mlangoni, mikono kichwani, machozi yanamtoka bila sauti. Walisikia wote wawili. Mimi nilikuwa nimeshavuta kitenge usoni. Hakuna aliyenilazimisha tena, ila alikuwa amenikoholea, na mtu akikukoholea unampisha.

Nilikuwa bado nimepiga magoti hivyohivyo, nimefunika uso, mtoto aliponipiga teke chini ya mbavu mpaka nikapiga ukelele.

Alizaliwa kwenye mvua kubwa, mto ukiwa umejaa kuliko mwaka ule. Magari hayakufika, kama tulivyojua. Pikipiki ilifika. Muuguzi wa hospitali alisema ni mtoto mwenye afya, akauliza jina, nami ndiye niliyejibu, kabla ya Lameck. Siku hizi nalitaja jina hilo la babu yake kutwa nzima, kwa kubembeleza na kwa kufoka, na wanawake wa kisimani wakilisikia kinywani mwangu wananitazama, kisha wanauliza kama mtoto ameanza kukaa.

Lameck huipangusa pikipiki kila asubuhi. Inang'aa mpaka Amon ameona wivu, ananiomba niifanyie na ya kwake. Mimi hupanda nyuma, mtoto mgongoni. Tukikaribia kona ya migomba Lameck hupunguza mwendo bila kuambiwa, nami nakohoa kidogo, mara mbili, ili kama kuna mtu mbele, apate nafasi ya kupisha.